Injini ya Corolla Moja, Giaboksi ya Nyingine

Kuna neno utalisikia Grogan kabla hata hujaulizwa unaitwa nani: "Itaingia." Unauliza kama giaboksi hii itashikana na injini ile, jamaa anaziangalia sekunde tatu, anasema itaingia. Na kusema ukweli hadanganyi. Ukiwa na mashine ya kuchomea, grainda na siku mbili, karibu kila kitu kinaingia. Mimi siku hizi nauliza itakaa hadi lini, na ikivunjika nitakuwa wapi.

Wengi wenu mnauliza mbona DX yangu bado haitembei, na ni miezi minne tangu niwaonyeshe injini. Wacha niwaeleze, alafu niwaambie kwa nini video ya kuendesha haiji hata wiki hii.

Gari ni Corolla KE70, hiyo ambayo kila mtu hapa anaiita DX. Injini yake ya kuzaliwa ni 4K, cc 1290, na inasukuma magurudumu ya nyuma. Niliyonunua ni 4A-GE ya valvu 20, ile ya kifuniko cha rangi ya fedha, iliyotoka kwa Corolla AE101. Toyota walitangaza nguvu za farasi 160. 4K haifikishi nusu ya hizo. Sasa, AE101 inavutwa na magurudumu ya mbele, kwa hivyo injini yake imelala kwa upana. Mimi naitaka ikae kwa urefu, giaboksi ikiwa nyuma yake. Hapo ndipo hesabu inaanza.

Giaboksi ya 4K haishikani nayo, matundu ya boliti hayalingani. Inayofaa ni T50, ile ya AE86. Lakini T50 zilifungwa pia nyuma ya injini za T, na belhauzi ya T haikubali injini ya A. Mtu akikuletea T50, angalia belhauzi kwanza ndio uulize bei. Alafu kuna flaiwili. 4A-GE za mwanzo zinaifunga kwa boliti 6, za baadaye kama yangu boliti 8. Na klachi: pleti inafuata giaboksi, kwa sababu meno yake lazima yaingiane na shafti, lakini kava inafuata flaiwili. Ukinunua klachi nzima ya gari moja, kuna upande mmoja utakaokukataa.

Kitu kinachoua hizi gari polepole ni beringi ndogo inayokaa mwisho wa krenki, pale ncha ya shafti ya giaboksi inapoegemea. Gari la kuvuta mbele haliwekewi. Ukiunganisha bila hiyo, ncha ya shafti inaelea hewani. Gari litawaka, litatembea, watu watakupongeza, alafu siku moja giaboksi inaanza kulia.

Fundi wangu ni mzee wa miaka sitini na kitu, haongei sana. Kuna siku muuzaji alituletea adapta pleti, chuma kizuri, imekatwa safi kabisa. Mzee akaigeuza mara mbili akairudisha. Haikuwa na pini. "Kijana, boliti zinashika. Haziweki katikati." Akafunga saa ya kupimia kwenye krenki, akawa anaizungusha kwa mkono, pole pole, ncha ikizunguka ndani ya belhauzi, kama mtu anatafuta stesheni kwa redio ya zamani. Niliacha uhandisi mwaka wa pili, na bado sijaona somo kama hilo. Klipu yake ilipata watazamaji wachache sana kuliko ile ninayogonga ukuta wa injini kwa nyundo ndio distributa ipate nafasi. Sawa tu, nyundo ina raha yake.

Lakini hapa ndipo mimi na nyinyi tunakosana.

Kila mtu anataka sauti. Valvu 20 zikipumua kupitia throto nne, naelewa, hata mimi nilinunua kwa sababu ya hiyo sauti. Hakuna mtu ameniuliza breki. DX ina dramu nyuma na diski nyembamba mbele, vitu vilivyopimiwa 4K. Nimeongeza nguvu zaidi ya mara mbili, na breki hazijui. Breki za AE86 zingenifaa, lakini kuleta AE86 nzima nchini huwezi, sheria ya miaka 8 imeifungia mlango kitambo. Zilizoko humu ndani, wenyewe hawaachilii.

Kuna muuza spea aliyenipa ofa: nionekane nikiendesha kufikia Ijumaa, stika zake zikiwa mlangoni. Pesa yenyewe ingelipa kodi ya nyumba miezi miwili. Nikamwambia gari halisimami vizuri. Akaniambia, "Si utaendesha tu polepole?" Kwa video ya dakika moja, na injini kama hiyo, na kamera iko on. Sisi sote tunajua hakuna polepole.

Wiki hiyo hiyo kijana wa miaka 19 akaniandikia inboksi. Ameweka injini kama yangu kwa DX ya mjomba wake, aliona kwangu. Nikamuuliza breki. Akanitumia picha ya rimu mpya.

Nimemwandikia mara tatu. Nimemwambia mjomba pia ajue, na kwamba namba ya injini iko kwa logbook, NTSA na bima lazima waambiwe, kwa sababu siku ya ajali hiyo ndiyo karatasi ya kwanza itakayosomwa. Ujumbe wa tatu ameusoma, hajajibu.

Ijumaa ilipita bila video. Kaliper ya kushoto nimepata, ile pana. Ukijua mtu mwenye ya kulia, niandikie.