Jicho la Mashine

Huko Mlandege, Ng'ambo ya Unguja, yuko mpiga fidla mzee mwenye sahani moja ya CD aithaminiyo kuliko zote: marehemu ndugu yake huimba humo taarabu ya arusi. Haikupigwa chapa kiwandani. Ilichomwa kwa kompyuta, na sahani za namna hiyo huakisi nuru haba. Basi alipotafuta mashine ya kusomea, ambayo kazi yake ni kupeleka tu vipimo 44,100 vya kila sekunde kwa chombo kingine kivigeuze sauti, hakuvutwa na mng'aro. Aliuliza kama jicho lake la leza lingali lapatikana, kisha akatia sahani ile ile ngumu. Mashine mbili ziliikataa. Ya tatu, Philips kuukuu, iliisoma.

Chumvi ya pwani na vumbi haviionei huruma. Hupangusa jicho kwa pamba na spiriti kidogo. Ukanda wa mpira wa kijaluba ukilegea huubadili. Fundi mmoja alitaka kugeuza skurubu ili leza iongezwe nguvu. Mzee alimshika mkono, maana nguvu hiyo hulipunguzia jicho maisha.

Tangu giza la miezi mitatu lililoanza Desemba 2009, kebo ya chini ya bahari ilipoharibika, hauamini umeme. Kila usiku huichomoa mashine mwenyewe, hata wajukuu wakicheka.