Betri Haipendi Shibe

Sisi wakulima wa Kanoni, Karagwe, tukisema tumehifadhi kitu, mara nyingi tuna maana kwamba tumekijaza. Maharage yakishakauka hujazwa guniani mpaka gunia lisimame lenyewe. Gunia nusu ni habari ya njaa. Ndiyo maana dada yangu alinitazama kwa mashaka niliposema kwamba kompyuta mpakato ya mwanawe, aliyekuwa akienda JKT kwa miaka miwili, ihifadhiwe betri yake ikiwa na chaji nusu tu.

“Kaka, niliuza ng’ombe kuinunua,” alisema. “Mtoto arudi aikute nusu?”

Swali lake lilikuwa na uzito. Betri ikifa, mtu anayetegemea migomba na kahawa hapati nyingine kwa urahisi, na umeme ukikatika kompyuta isiyo na betri huzimika papo hapo pamoja na kazi iliyokuwa ikiandikwa.

Nilimweleza hivi. Betri za lithiamu-ioni, ambazo kampuni ya Sony ilianza kuziuza mwaka 1991, huchakaa hata zisipotumika. Ikijazwa hadi asilimia 100 na kuachwa hivyo miezi mingi, nguvu kubwa ya umeme iliyomo huharibu kemikali zake haraka zaidi, na joto huzidisha uharibifu huo. Ikiachwa tupu nako kuna hatari: chaji huendelea kupungua polepole, hata ishuke mno na betri ikatae kuchajiwa tena. Kati ya asilimia 40 na 60 ndipo inapotulia.

Basi tuliiacha kwenye asilimia 50, tukaizima kabisa badala ya kuifunika tu ikiwa imelala, tukachomoa waya. Dada alitaka kuiweka juu ya kabati, karibu na bati. Nikamwambia kwamba hali ya hewa ya milima yetu ni baridi ya kufaa, lakini chini ya bati mchana ni tanuri. Ikawekwa ndani ya sanduku la nguo, chumba cha ndani, mbali na jiko na unyevu wa sakafu.

Kila baada ya miezi mitatu dada huitoa, huiwasha na kutazama kiwango. Kikishuka karibu na asilimia 40, huichaji hadi 50 na kuizima. Siku hizo kioo humwonyesha picha ya mwanawe, naye haharakishi kuizima.

Uangalizi huu hauzuii betri kuzeeka; huipunguzia tu mwendo. Lakini umenifundisha kwamba kutunza mali ya mtu aliye mbali hakutimizwi kwa kuijaza na kufunga kufuli. Kwanza ujue kitu chenyewe kinahitaji nini, hata kama mahitaji yake yanapingana na desturi ya ghala letu. Kisha ukumbuke kurudi kukitazama.