Mgeni Asiyebisha Hodi

Wahenga walinena kuwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwalimu mmoja mstaafu wa Embu alipata mgeni wa namna nyingine: matangazo ya kamari na picha za aibu yaliyochomoza kwenye kompyuta yake bila kuitwa. Kila wajukuu walipoingia sebuleni, aliifunika kwa kitambaa, akihofia kushukiwa.

Mpwa wake alipofika kutoka Meru, aliiondoa programu iliyojipenyeza pamoja na nyingine ya bure, kisha akafuta viongezi vya kivinjari.

"Mjomba, ulimkaribisha mwenyewe. Kisanduku cha kukubali kilikuwa kimetiwa alama tayari, nawe ukabofya kuendelea."

Mwalimu, aliyewahimiza wanafunzi kwa miaka 30 wasome swali hadi nukta ya mwisho, alicheka kwa uchungu. Kisha akakikunja kitambaa, akawaita wajukuu.