Fishi ya Yaya

Mwezi uliopita nilimsindikiza Yaya wangu, yaani kaka yangu mkubwa, shaibu wa miaka 84, hadi hospitali moja ya hapa katikati ya Lubumbashi. Tulipofika kwenye dirisha la malipo, kabla ya tabibu yeyote kumtazama uso, alitoa mfukoni mwa koti kadi yake ya kazi iliyochakaa pembe zote, akaiweka mbele ya kijana wa kompyuta kama mtu akabidhiye amana. Kijana, kwa adabu njema, aliigeuza nyuma na mbele, kisha akaniuliza, "Baba, hii namba ni ya nini?"

Sikumjibu, kwa kuwa watu walikuwa wengi nyuma yetu. Namjibu hapa.

Namba ile ni matrikili, yaani namba ya mfanyakazi. Mimi niliingia kazi ya ukarani wa fishi, yaani kadi za wagonjwa, katika hospitali ya wachimba migodi miaka miwili baada ya Elisabethville kuitwa Lubumbashi, yaani 1968. Cheti changu ndivyo kisemavyo, ingawa kumbukumbu yangu yashikilia mvua za mwaka uliofuata, na si neno. Chumba chetu kilikuwa na makasha ya mbao yaliyopanda hadi darini, na harufu yake naijua hata leo nikiwa nimefumba macho: karatasi ngumu iliyokaa miaka, wino, dawa ya kusugulia sakafu, na juu ya hayo yote, upepo ulipogeuka kutoka kwenye mnara wa kiwanda cha shaba, ule moshi wa kibiriti uliokwaruza koo na kuwakohoza hata waliokuja na jeraha la kidole tu.

Mkubwa wetu alikuwa mzee mmoja mtulivu, aliyenawa mikono kabla ya kufungua kasha, na wala hakuwahi kulamba kidole ili afunue fishi, kwani alisema fishi ni ya mgonjwa na mate ni yake yeye. Aliuliza matrikili kwanza, jina baadaye, kisha, huku mkono wake umekwisha kufika penye kasha linalohusika bila ya kutazama, aliuliza hali za nyumbani. Kutoka katika namba ile moja ulitoka umri mzima wa mtu: mwaka alioandikwa kazi, uzani wake siku ile, mkewe, watoto waliopimwa kila mwezi, picha za kifua zilizopigwa mwaka baada ya mwaka. Na fedha haikutajwa dirishani kabisa, maana hesabu ilikwenda kwa namba ile ofisini. Sisemi kwamba ilikuwa sadaka. Kampuni ya migodi ya Union Minière iliazimia tangu 1928 kuwakalisha wafanyakazi pamoja na aila zao badala ya kuwachukua kwa muda mfupi na kuwarudisha makwao, na siha yao ilikuwa sehemu ya hesabu ya shaba. Nasi tulilijua hilo. Lakini hesabu ile iliandikwa kwa uangalifu.

Mimi, kwa uvivu wa ujana, nilinakili siku moja fishi ya mzee mwenye maradhi manne nikaandika moja tu, lile la juu. Mkubwa wangu alinirudishia karatasi. "Andika zote, mwanangu. Fidia yasoma fishi, haisomi uso." Na kweli, katika maradhi ya kifua yaletwayo na vumbi la mawe, tarehe ya kivuli cha kwanza mapafuni ndiyo iliyoamua kama mtu ni mustahiki au la, na tarehe isiyoandikwa haikuwahi kuwako.

Kisha kiwanda kikanyamaza na moshi ukakoma. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines, kampuni iliyoirithi migodi ile, waliondoka kwa ule mpango wa hiari uliogharamiwa na Benki ya Dunia, na matrikili zikabaki mifukoni. Malipo yakaanza kumtangulia tabibu. Juzi tumesikia habari za matibabu bila malipo, nayo yameanza na akina mama wanaojifungua na watoto wachanga, jambo la haki. Wazee wangali wanangoja.

Narudi dirishani. Tabibu alimpima Yaya, akataja shinikizo la damu, sukari, kifua, na magoti. Fakture, yaani hati ya malipo, ilipotoka, mbele ya neno maradhi palikuwa na msimbo mmoja: R54. Kijana alinieleza kwamba mashine yao hupokea mmoja tu, na kwa watu wa umri ule huandikwa huo.

Msimbo huo naujua. Watoka katika orodha ambayo Mfaransa Bertillon aliianza mwaka 1893 ili kuhesabu sababu za vifo, ambayo Shirika la Afya Duniani liliirithi mwaka 1948 na kuipanua iwaandike walio hai pia. R54 maana yake ni uzee. Orodha hiyo hiyo, katika toleo la kumi, ina I10 kwa shinikizo la damu, E11 kwa sukari ya ukubwani, J62 kwa vumbi la mawe mapafuni, tena yaagiza kwamba misimbo ya R isitumiwe pale maradhi yenyewe yanapojulikana. Na toleo la kumi na moja lilipotaka kuliweka neno uzee waziwazi, wazee na matabibu wa nchi nyingi walipinga hata likaondolewa kabla ya toleo hilo kuanza kutumika mwaka 2022. Yaya wangu ana maradhi manne yenye majina, na mawili kati yake yana dawa za kila siku ambazo hakuna atakayempa kwa ajili ya R54. Atakayeifungua kompyuta ile mwakani hataona sukari, hataona kifua, ataona mzee.

Usiku ule nilinunua daftari la shule. Nikapiga mistari kwa rula kama tulivyofundishwa, nikaandika juu kabisa matrikili yake, halafu jina, halafu maradhi yote manne, kila moja na tarehe yake kwa kadiri mimi na yeye tulivyoweza kukumbuka, picha ya kifua ya kwanza ikiwamo. Jumatatu tulimpelekea tabibu. Alianza kulisoma amesimama, mkono mmoja u juu ya kitasa cha mlango. Alipofika ukurasa wa pili aliuachia mlango, akavuta kiti, akaketi karibu na Yaya.