Ubatizo Wanakungoja, Shule Hawakuulizi

Wadau, huku Likoni ukiacha chuo kama mimi, hadi makanga wa matatu anakupa ushauri. Sasa sikizeni ya Waamishi wa Marekani, Wakristo wa Kianabaptisti. Watoto wao husoma hadi darasa la nane tu, mara nyingi shule ya chumba kimoja, wakubwa na wadogo pamoja. Baadaye ni shamba, useremala, kazi za nyumbani. Mwaka 1972 wazazi wao waliishinda serikali ya Wisconsin kwenye Mahakama ya Juu: isiwalazimishe kuendelea.

Kufunzwa kazi mapema, hapo nawakubali. Lakini hawa watu hawabatizi mtoto mchanga! Wanangoja akue, aamue mwenyewe. Mbona shule asiulizwe? Kwenye kesi ile, Jaji Douglas alisema watoto nao wasikizwe.

Na si Waanabaptisti wote. Wamennonite walifika Shirati, Tanzania, 1934, wakafungua shule.

Mimi chuo niliacha mwenyewe, mtu mzima, cheti cha fomu foo mkononi. Nikitaka kurudi, narudi. Wa miaka 14 aliyeamuliwa, je, arudi wapi?