"Ning'arishe Kidogo"

Mahafali yakikaribia, mwenye kamera hapa Malimbe hakosi hela ya kula. Nami nilianza hivyo hivyo: joho, kofia, tabasamu, mwamba nyuma, basi. Picha zikajaa kwenye kompyuta, zote zinafanana kama mapacha. Mwaka huu nikasema nijaribu mitindo mingine, nione watu watatokaje.

Nilianza na dirisha la geto. Mtu anakaa ubavu kwa dirisha, taa imezimwa, upande mmoja wa uso unapata mwanga na mwingine unabaki kivulini. Jamaa yangu mmoja, mcheshi kuliko wote darasani, alitoka kama mtu mwenye familia ya kulisha. Akaitazama kimya, kisha akasema, "Hii nitamtumia mama."

Mtindo wa pili niliuazima kwa Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako, Mali, mwaka 1948. Alitundika vitambaa vyenye maua nyuma ya wateja, akatumia mwanga wa jua, na asiye na saa au suti aliazimwa palepale. Mimi nilitundika kanga mbili kwenye kamba ya kuanikia nguo. Watu wakaja na viatu vya kuazima, na walivyosimama! Hata pozi sikuwafundisha.

Wa tatu ulinipeleka Mwaloni, Kirumba. Nilitaka kumpiga picha mama muuza dagaa akiwa kazini, katikati ya magunia, jasho usoni. Nikamwamkia, nikamweleza. Akacheka. "Mwanangu, dagaa nawaona kila siku. Nipige nimevaa kitenge changu, nimekaa kwenye kiti." Jumapili baada ya misa nikamfuata kwake, nikampiga hivyo. Ameitundika sebuleni. Tangu siku hiyo najiuliza: sisi wasomi tunapigwa picha na joho la kukodi, halafu mama wa sokoni tunamtaka na jasho lake. Nani katuambia kwamba jasho ndio ukweli wake na kitenge ni maigizo?

Sasa nifike kwenye ombi ninalolipata kuliko yote: "Ning'arishe kidogo." Maana yake, nifanye mweupe. Programu za simu zinafanya hiyo kazi kwa kidole kimoja. Lakini jambo hili lina historia. Kwa miaka mingi Kodak walisambaza kwenye maabara kadi za kupimia rangi zenye picha ya mwanamke wa Kizungu, zikiitwa kadi za Shirley. Rangi ya ngozi yake ndiyo ikawa kipimo, na sisi wengine tukitoka kama vivuli vyenye meno.

Kamera ya leo nayo inahitaji kuelekezwa. Ukiiachia ipime yenyewe, inapima mwanga wa picha nzima. Simamisha mtu mweusi saa saba mchana, nyuma yake anga na ziwa vinawaka, uso wake unazama gizani. Akiiona anadhani tatizo ni ngozi yake. Kumbe ni mwanga! Pima mwanga usoni pake, mwache aangalie upande wenye mwanga laini, mwambie mwenzake ashike shuka jeupe karibu na kifua chake, uone ngozi hiyo hiyo inavyong'aa bila kubadilishwa rangi.

Kwa hiyo nimejiwekea sharti: mwanga naongeza, rangi ya mtu sibadilishi. Wateja wawili wameshanikimbia kwa sababu hiyo, na boom likiwa limechelewa, wateja wawili si wachache. Mmoja aliniambia, "Pesa yangu, sura yangu." Ana hoja, maana hata mama wa dagaa nilimsikiliza. Tofauti ninayoiona mimi ni kwamba yule mama alichagua nguo yake, ila uso alibaki nao.

Wewe unayejiandaa na mahafali, ukitaka kung'aa usije saa saba. Njoo saa kumi na moja na nusu jioni, jua likielekea ziwani. Na shuka jeupe njoo nalo, langu limechakaa.