Joto la Kuwekwa Akiba

Mtu aliyezaliwa Unguja au Lamu hana desturi ya kuhesabu joto kuwa mali. Joto kwake ni kitu cha kukimbiwa: hulijengea baraza, hulipandia mwembe, hulifungulia madirisha. Akiambiwa kwamba ziko nchi ambako joto huwekwa akiba kama nafaka, na kwamba upepo huliiba kwa kupita katika ufa usiozidi upana wa kidole, yamkini atacheka. Lakini ndivyo yalivyo maisha ya watu wa Ladakh, kaskazini ya India, nyuma ya safu kuu ya milima ya Himalaya.

Leh, mji wao mkuu, uko mita 3,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Mvua ni haba mno, maana milima huyazuia mawingu. Usiku wa Januari baridi huweza kushuka hadi digrii 20 chini ya kiwango cha maji kuganda, na katika mabonde mengine huzidi hapo. Theluji ikiziba njia za milimani, malori hayapiti. Desturi ya kale ilikuwa kufukia viazi na karoti katika mashimo, na kukausha majani ya mboga kabla baridi haijaingia. Jani bichi lilikuwa ndoto. Na lilipoanza kuletwa kwa ndege, likawa chakula cha mwenye fedha. Kuni ni adimu, na samadi kavu ndiyo kuni ya wengi. Basi atakayewasha moto ili aoteshe mchicha atainyang'anya jamaa yake jiko, au atalinyang'anya shamba lake mbolea. Hapo ndipo ilipo thamani ya nyumba ya mimea isiyowashwa moto.

Nyumba hiyo haina siri, na mwenye mikono na majirani huweza kuijenga. Urefu wake hulala mashariki na magharibi, na uso wake huelekea kusini, kwa kuwa huko jua la mwishoni mwa Desemba, hata adhuhuri, halipandi zaidi ya digrii 32 hivi juu ya upeo wa macho. (Jua la Unguja, hata katika Juni, hupanda hadi 60.) Upande wa kusini hufunikwa kwa nailoni angavu. Pande tatu nyingine ni kuta za matofali ya udongo yaliyokaushwa juani, ukuta wa nje na ukuta wa ndani, na katikati hushindiliwa majani makavu. Ukuta wa kaskazini hupakwa rangi nyeusi kwa ndani. Mchana ukuta huo hulinywa jua. Usiku hulitapika kidogo kidogo juu ya matuta ya spinachi, figili na kotmiri. Majani yaliyoshindiliwa kazi yake ni moja tu: kulizuia joto lisitoroke.

Shirika la Kifaransa GERES, pamoja na mashirika ya wenyeji, lilieneza ujenzi huu vijijini, na mwaka 2009 kazi hiyo ilipewa tuzo ya Ashden huko Uingereza. Sifa hiyo ni ya haki. Uholanzi ina nyumba za vioo zilizo fahari ya kilimo cha dunia, lakini nyingi hupashwa joto kwa gesi. Mwaka 2022, bei ya gesi ilipopanda, baadhi ya wenye nyumba hizo walizima mitambo na kuacha matuta matupu. Nyumba ya udongo ya Ladakh haikuwa na gesi ya kukatiwa.

Hata hivyo, haifai kuiita nyumba ya bure. Nailoni hutoka mbali. Jua lile lile linaloilisha mimea huikausha ikapasuka baada ya miaka kadhaa, na upepo haungoji. Tena nyumba hii hudai mtu. Adhuhuri tundu la hewa lisipofunguliwa, unyevu huzaa kuvu na majani huoza. Likisahauliwa wazi jua linapotua, akiba ya mchana kutwa hutoka kwa saa moja. Jioni pazia la nguo lazima lishushwe chini ya nailoni. Usingizi wa mapema wa usiku mmoja huweza kuua miche ya mwezi mzima, na hapana wa kushtakiwa. Aghalabu mlinzi wa saa hizo ni mwanamke wa nyumba, ambaye kazi zake zilikuwa nyingi kabla ya hiyo.

Asubuhi hangoji alfajiri. Hungoja jua liguse nailoni. Hapo hulikunja pazia, na matone yaliyoganda huanza kumdondokea mabegani. Huchuma majani ya nje ya spinachi, moja moja, na kuyaacha ya ndani yakue. Yanayozidi mahitaji ya nyumbani huyafunga mafungu, huyafunika nguo yasigandishwe na baridi njiani, na kuyapeleka kuuza.